Herufi Zinazokimbia, Foleni Iliyosimama

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu katika ofisi moja ya umma kufuatilia mafao ya marehemu mume wake. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, tukakuta watu kadhaa wametutangulia, nasi tukakaa kwenye benchi la mbao lililoelekea dirisha la huduma. Juu ya dirisha hilo, kutoka ukuta hadi ukuta, palikuwa na bango la bluu lenye maneno matatu meupe: HUDUMA BORA, HARAKA. Herufi zake zilikuwa nene, pembe zake kali kana kwamba zimekatwa kwa panga, na zote zilikuwa zimeinamia upande wa kulia, kama watu wanaokimbia huku wakipigana na upepo.

Shangazi alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 31. Kwake yeye herufi si pambo. Ni kazi aliyoifanya kwa chaki na subira mpaka akastaafu. Akalitazama bango lile kitambo kirefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, hizo herufi mbona zimelala?"

"Hazijalala, Shangazi. Zinakimbia."

"Zinakimbia kwenda wapi?"

Nilicheka, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia siku ile, na ambalo nimeona vyema kuliandika hapa kwa sababu linanihusu mimi, na huenda linakuhusu na wewe, ndugu msomaji, kama unafanya kazi ya umma au unajiandaa kuifanya. Herufi zile nilizijua. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati iliyozichagua.

Kabla ya kufika kwenye kamati, niruhusu nizieleze herufi zenyewe, kwa kuwa wengi wetu husoma maandishi bila kuyatazama. Mwanafunzi wa chuo huijua hati mlazo kama alama ya jina la kitabu au neno la kigeni ndani ya tasnifu yake. Hiyo ni hati mlazo ya ukurasani: nyembamba, yenye adabu, isiyotaka kuonekana kuliko haja. Ile ya ukutani ni ndugu yake mwenye tabia nyingine kabisa. Ni herufi ya maonyesho, yaani iliyobuniwa isomwe kwa mbali na kwa maneno machache. Haina vile vijimkia vinavyomalizia ncha za herufi za vitabuni. Mistari yake ni minene. Pale ambapo herufi O ingezunguka kwa ulaini, yenyewe imekunjwa kwa pembe. Kisha umbo zima limesukumwa nyuzi chache upande wa kulia. Utaiona kwenye magari ya mashindano, kwenye makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu, kwenye matangazo ya filamu za mapigano. Na siku hizi utaiona kwenye mabango ya taasisi, vyama na mashirika yetu yasiyo ya kiserikali.

Kwa nini mwinamo wa kulia huonekana kama mwendo? Jibu halimo katika herufi, bali katika jicho. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo kinachoinamia kulia huonekana kinaelekea tunakokwenda, nacho kinatuhimiza. Lakini kumbuka kwamba Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kutawala, na msomaji wa hati hiyo huanzia kulia. Kwa jicho lake, mwinamo uleule tunaouita kasi ni mwinamo wa mtu anayerudi nyuma. Herufi ni ileile na ukuta ni uleule. Kilichobadilika ni mazoea ya msomaji. Tukilielewa hilo, tutaelewa pia kwamba mtu anaweza kutuuzia hisia ya mwendo bila ya yeye mwenyewe kusogea hata hatua moja.

Herufi ya mlazo yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya kasi wala kelele. Mnamo mwaka 1501, mchapishaji Aldus Manutius wa Venice alitoa kazi za mshairi Virgil katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, kilichopigwa chapa chote kwa herufi za mlazo zilizochongwa na fundi Francesco Griffo. Fundi huyo aliiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa zama zake. Tena, katika kitabu hicho herufi kubwa ziliachwa zimesimama wima. Zilizoinama ni herufi ndogo tu. Mwinamo ule ulikuwa alama ya mkono wa binadamu: mtu fulani ameketi, ameshika kalamu, anaandika.

Herufi isiyo na vijimkia nayo ina historia yake. Katika kitabu cha sampuli cha William Caslon wa Nne, kilichotolewa London mwaka 1816, iko katika mstari mmoja tu wa herufi kubwa, kana kwamba mwenyewe hakuwa na hakika kama ingepata mnunuzi. Wanunuzi walipatikana. Katika karne ile viwanda vilihitaji kuuza, wauzaji walihitaji mabango, na kuta za miji zikawa uwanja wa mashindano ambamo kila herufi ilitaka kuwa nene kuliko jirani yake. Katika karne ya 20 wabunifu waliisafisha herufi hiyo na kuipa nidhamu ya rula na bikari. Mfano unaojulikana sana ni Futura ya Mjerumani Paul Renner, iliyoanza kuuzwa mwaka 1927. Ilipohitajika kuinamishwa, haikurudi kwenye mwandiko wa mkono kama alivyofanya Griffo. Ilisukumwa upande, basi. Hapo mkono wa binadamu ukaondoka, ikabaki dalili ya mwendo peke yake.

Mambo haya niliyajua vitabuni nikiwa mtu mzima. Lakini somo la kwanza kuhusu herufi zilizoinama nililipata utotoni kwa mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa kuandika vibao mjini Tanga katika miaka ya 1980. Nilikuwa msaidizi wake wakati wa likizo. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kamba iliyopakwa unga wa chaki. Yeye huivuta kutoka upande wa pili, huibetua, nayo huacha mstari mweupe ulionyooka juu ya bati. Baada ya hapo alihesabu herufi zote, akaanzia katikati kwenda pembeni, akazichora kwa penseli, ndipo akachukua brashi bapa na kuegemeza mkono wake kwenye kijiti ili usitetemeke. Kwa herufi za mlazo alikata pembetatu ya kadibodi, akaitumia kupima mwinamo wa kila herufi ili zote zielekee mahali pamoja. Aliniambia kwamba iliyo ngumu kuliko zote ni S. "S ni mlevi," alisema. "Ukiiinamisha bila kuishika kiuno, itaanguka chali."

Mjomba alikuwa na kanuni moja ambayo sikuiona katika kitabu chochote. Herufi za mlazo aliziandika kwenye malori, mabasi na mashua tu. Duka, shule, zahanati na ofisi aliziandikia herufi zilizosimama wima. Siku moja alikuja mwenye duka la dawa, akataka jina la duka lake liandikwe kwa herufi zilizoinama, kama zile alizoziona ubavuni mwa basi. Mjomba akakataa. Akamwambia: "Mgonjwa akija hapa anataka kukuta duka lilipo, hataki kujua linakokwenda." Yule bwana alikwenda kwa fundi mwingine, na pesa ya wiki ile ikaenda naye. Mkaza mjomba alilalamika mpaka usiku. Mjomba hakujibu, alikuwa akisafisha brashi zake kwa mafuta ya taa.

Zamani niliichukulia kanuni hiyo kuwa ukaidi wa fundi mzee. Sasa naiona kuwa nadharia nzima ya utumishi wa umma. Basi lina haki ya kuandikwa herufi zinazokimbia kwa sababu litakimbia kweli, na kama halikukimbia abiria watamsema dereva na utingo papo hapo. Kitu kinachoahidi mwendo lazima kiwe na magurudumu.

Sasa nirudi kwenye kamati. Ofisi ile ilikuwa katika mpango wa kuboresha huduma, na sisi tuliitwa kama wadau: watumishi wawili watatu wa ofisi, mtaalamu wa mawasiliano, mwakilishi wa asasi moja ya kiraia, nami mhadhiri. Tulipewa chai, vitafunio na posho. Mtaalamu alituonyesha sampuli tatu za mwonekano mpya. Ya kwanza ilikuwa na herufi za kawaida zilizosimama. Ya pili ilikuwa na herufi za duara, laini, kama za tangazo la maziwa ya watoto. Ya tatu ndiyo ile niliyoieleza. Nilisimama na kuitetea ya tatu. Nakumbuka maneno yangu, na hayanipendezi: nilisema herufi zilizosimama zinamkumbusha mwananchi urasimu wa zamani, ilhali zile zilizoinama zinabeba ari ya mabadiliko. Wajumbe walipiga makofi. Vikao viwili vizima vilikwisha tukijadili rangi ya bluu na kiasi cha mwinamo.

Katika kikao cha pili, karani wa masjala, mtumishi wa ngazi ya chini aliyeletwa nadhani ili idadi itimie, aliinua mkono. Aliuliza: "Samahani mwenyekiti, yale mafaili yaliyoko stoo yatahamishiwa lini masjala? Maana wateja wakija tunawaambia hayapo, kumbe yapo." Mwenyekiti akajibu kwa upole kwamba hoja hiyo ni nzuri lakini haimo katika ajenda ya siku hiyo. Tulitabasamu. Mimi pia nilitabasamu. Mhadhiri anayefundisha wanafunzi wake kwamba serikali hujulikana kwa mambo madogo alisikia jambo dogo kuliko yote, tena lenye maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, akaliacha lipite kwa kuwa alikuwa akisubiri kura ya herufi.

Hiyo ndiyo sababu swali la shangazi lilinichoma. Zinakimbia kwenda wapi? Herufi zilikuwa zimepewa kazi ambayo sisi wenyewe tuliikataa.

Nisije nikaeleweka kwamba nazichukia herufi nene zilizoinama, au kwamba naona haramu ujumbe kupigiwa kelele. Kelele ina mahali pake, na iko mifano ya watu walioitumia herufi ya namna hii kwa ukweli mkubwa. Msanii wa Marekani Barbara Kruger alianza maisha ya kazi kama mbunifu wa kurasa za magazeti ya mitindo, kwa hiyo alizijua mbinu za tangazo kutoka jikoni kwake. Alipogeukia sanaa yake mwenyewe alichukua silaha ileile: Futura nene ya mlazo, mara nyingi nyeupe juu ya utepe mwekundu, juu ya picha nyeusi na nyeupe. Mwaka 1989 alitengeneza bango kwa ajili ya maandamano ya wanawake mjini Washington waliotetea haki ya uamuzi juu ya uzazi. Lilikuwa na uso wa mwanamke uliogawanywa katikati, pamoja na maneno yaliyoueleza mwili wake kuwa uwanja wa vita. Uwe unakubaliana na hoja yake au hukubaliani, huwezi kusema kwamba herufi zile zilining'inia hewani. Nyuma yake palikuwa na watu waliokuwa wakitembea barabarani.

Mwaka 1994 lilifunguliwa mjini New York duka la nguo liitwalo Supreme. Nembo yake ni neno hilo moja, kwa Futura nene ya mlazo, nyeupe ndani ya mstatili mwekundu. Undugu wake na kazi za Kruger unajulikana na umeandikwa mara nyingi. Kumbe safari ya herufi hii ni ya mzunguko: ilitoka kwenye biashara, ikaingia kwenye hoja inayoihoji biashara, ikarudi kwenye biashara ikiwa shati. Herufi haikusaliti mtu, kwa sababu haikuwahi kumwahidi mtu yeyote kitu. Wanaoahidi ni watu. Wanaharakati vijana ninaowafundisha, ambao hutumia siku tatu kutafuta fonti ya fulana za kampeni na saa moja kuandika madai ya kampeni hiyo, wasidhani nawasema watumishi wa serikali peke yao. Ugonjwa ni mmoja.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Tarehe 1 Februari 1968, katika mji wa Memphis nchini Marekani, wazoataka wawili weusi, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa na mashine ya kushindilia taka ya gari lao walipokuwa wamejikinga mvua. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Katika maandamano yao walibeba mabango yenye maneno manne mafupi ya Kiingereza, I AM A MAN, maana yake mimi ni mwanamume, mimi ni mtu. Herufi zilikuwa kubwa, nene, zisizo na vijimkia. Hazikuinama. Zilisimama wima kama waliozibeba, na mkazo wote ulikuwa katika mstari mmoja uliopigwa chini ya neno la pili, lile lenye maana ya "ni". Martin Luther King alikwenda Memphis kuwaunga mkono, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili. Katikati ya mwezi huo mji ulikubali kukitambua chama chao na kuwaongeza ujira.

Miongo kadhaa baadaye mbunifu wa Marekani, Tré Seals, alibuni herufi ziitwazo Martin, zilizotokana na mabango hayo. Leo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzipata na kuandika kwazo lolote alitakalo, hata tangazo la mnada wa viti. Namheshimu mbunifu huyo kwa kutunza kumbukumbu. Lakini tujue mipaka ya kinachopakuliwa. Umbo la herufi unaweza kulipata kwa dakika moja. Zile siku zaidi ya 60 za kugoma, njaa za nyumbani, na vifua vilivyobeba mabango mbele ya askari, hizo hazimo ndani ya faili.

Na hapa kwetu hatuna haja ya kwenda Memphis ili kuona herufi yenye mwenyewe. Fungua kabati la mama yako, utoe kanga. Hapo chini, juu ya pindo, pana jina: maneno machache kwa herufi kubwa zilizosimama. Zamani jina hilo liliandikwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye likaja kwa herufi za Kilatini. Maneno ya kanga yanaweza kuwa makali kuliko bango lolote la kisiasa, lakini kanga haisemi peke yake. Anayeivaa amekubali kusema maneno yale mbele ya jirani, wifi na mke mwenza. Akiulizwa, atajibu, au atanyamaza kwa maana. Maneno yana mwili ndani yake. Bango la ofisi halina wa kuulizwa. Shangazi angemuuliza nani? Dirisha?

Niseme sasa ilivyokuwa. Siku ile tulifika dirishani saa tano na dakika kumi. Tukaambiwa faili halionekani, turudi baada ya wiki mbili. Tulirudi, halikuonekana. Shangazi alirudi mara nyingine peke yake kwa basi, nami nilikuwa kwenye mtihani. Safari ya nne tulikuta karatasi imebandikwa kwenye kioo kwa utepe wa gundi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono ulionyooka kama wa daftari la shule: MAFAILI YA KABLA YA 2010 YAKO STOO NYUMA YA JENGO. ULIZIA MASJALA, CHUMBA NA. 4. Shangazi aliisoma, akaisoma tena, akasema: "Huyu alifundishwa vizuri." Tukaenda chumba namba 4. Aliyetufungulia mlango alikuwa yule karani wa kamati. Alinitambua, nami nilimtambua, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyetaja kikao kile. Alichukua ufunguo, akatuomba tumsubiri, akarudi baada ya dakika 40 mikono imejaa vumbi na faili la marehemu likiwa kwapani.

Sina haki ya kusema kwamba ofisi ile haina watu wema. Anayo mtu mmoja angalau, na miaka yote hii amekuwa akijua tatizo liko wapi. Alilisema kwa wakati, mahali panapostahili, mbele ya watu wenye mamlaka na mbele ya msomi mmoja. Kilichomshinda hakikuwa ukosefu wa maarifa wala fedha. Alishindwa na kikao kilichokuwa na shughuli nyingi za kuchagua sura ya neno "haraka".

Kwa hiyo ninayo machache ya kuwaomba wasomaji wangu. Watumishi wa umma, kabla ya kuidhinisha bango jipya, andikeni maneno yaleyale kwa kalamu kwenye karatasi ya kawaida, mtazame kama bado yanasema kitu. "Huduma bora, haraka", likivuliwa unene na mwinamo wake, halimwambii mteja lolote analoweza kulidai. "Jibu la ombi lako ndani ya siku 14, zikipita, mwone fulani chumba fulani" linabaki na nguvu yake hata likiandikwa kwa mkaa. Ofisi zetu nyingi zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja wenye ahadi za namna hiyo, za siku na saa. Mara nyingi mkataba huo uko kwa herufi ndogo katika kijitabu ndani ya droo, huku ukuta mzima umekabidhiwa kaulimbiu. Badilisheni mahali pake: siku na majina yatoke drooni, yapande ukutani.

Wanafunzi, mkiliona bango, la serikali, la upinzani au la asasi inayowalipa nauli ya kwenda semina, tafuteni kitenzi. Nani atafanya? Atafanya nini? Lini? Asipofanya, ataulizwa na nani? Bango lisilojibu hata moja kati ya maswali hayo ni pambo, na pambo halina kosa mradi tusilihesabu katika orodha ya kazi zilizofanyika.

Nasi wasomi tunaoalikwa kwenye kamati, tujifunze kumsikia mtu anayeuliza kuhusu stoo. Kwa upande wangu, nimemwandikia mkuu wa ofisi ile barua ya ukurasa mmoja. Nimemweleza kwamba nilikuwa mjumbe wa kamati, kwamba hoja ya karani haikupaswa kuachwa, na kwamba niko tayari kuja kwa siku tatu wakati wa likizo, bila posho, kusaidia kubeba na kupanga mafaili pamoja na wanafunzi watakaojitolea. Bado sijajibiwa. Barua niliipokelesha masjala, na nakala yangu ina muhuri na tarehe.

Mjomba alifariki miaka mingi iliyopita. Baadhi ya vibao vyake nilivikuta vimesimama nilipopita Tanga safari iliyopita; rangi imefifia, lakini herufi zinasomeka. Shangazi ameanza kulipwa. Aliponipigia simu kunijulisha, nilidhani amelisahau bango lile. Hakulisahau. Aliniambia angependa kupata chaki na ngazi, arudi pale asubuhi moja, azisimamishe zile herufi moja moja, kama alivyokuwa akiyasahihisha madaftari ya watoto.